Mwanamume Hapigwi na Babake

Mshipi wa baba ulikuwa na kazi mbili, na kushikilia suruali ndiyo iliyokuwa ndogo. Ulikuwa wa ngozi nene ya kahawia, alikuja nao kutoka Meru, na kabla ya kuutumia aliukunja taratibu kama mtu anayekunja bendera. Kisha aliwasha runinga, akatafuta stesheni ya hali ya hewa, akaongeza sauti. Nyumba za kwetu zilijengwa kwa safu, ukuta mmoja kwa majirani wawili, na baba aliamini kwamba Mmarekani akisikia mtoto analia hushika simu kabla hajavaa viatu. Kwa hiyo nilichapwa huku mwanamke mwenye sauti ya upole akieleza habari za upepo kutoka magharibi na uwezekano wa mvua. Mpaka leo, mtu mzima mwenye mvi na shahada ambazo hakuna aliyeniomba, nikisikia utabiri wa hali ya hewa ninakaza makalio.

Hii ilikuwa Columbia, Maryland, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Columbia ni mji ambao haukukua, ulichorwa. Watu walikaa mezani wakaamua ziwa liwe hapa, njia ya kutembelea ipite pale, kusiwe na ua kati ya nyumba na nyumba, na masanduku ya barua yawekwe pamoja ili majirani wakutane na kupendana. Hata bata bukini wa ziwani walikuwa na mabango ya kuwatetea. Sijawahi kuishi mahali penye adabu kama pale, wala mahali ambapo nilipigwa zaidi.

Kwao baba alikuwa naibu mwalimu mkuu, na kila Mkenya anajua mgawanyo wa kazi: mkuu anasalimia wageni, naibu anachapa. Amerika hawakumpa shule. Walimpa kibanda cha kioo kwenye maegesho ya magari chini ya jengo la ofisi katikati ya Washington. Alibonyeza kitufe, chuma kikainuka, gari likapita, dereva asimtazame. Baada ya hapo aliikalia foleni ya Beltway, barabara kuu inayoizunguka Washington, na alipofika nyumbani alikuta shule iliyobaki: mimi na dada zangu pacha. Pacha walikuwa wadogo bado na hakuwagusa. Mimi nilikuwa kifungua mimba, tena wa kiume, nikapokea kwa niaba ya wote. Akimaliza nilitakiwa kusema, "Asante, baba." Nisiposema kwa sauti ya kumridhisha tulianza upya.

Mama alikuwa Mtaita, na kwa kuwa hakujua Kimeru wala baba hakujua Kitaita, nyumba yetu ilizungumza Kiswahili. Alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi ya kuinua, kugeuza na kuosha. Naye alitupiga, kwa mwiko, kwa ndara, kwa chochote kilichokuwa karibu, lakini mapigo yake yalikuwa kama maneno yake, mengi na ya haraka, na alikuwa ameshayasahau kabla hayajaisha. Ya baba yalikuwa machache na yalikaa.

Najua swali linalofuata, maana kila Mmarekani niliyewahi kumsimulia ameniuliza: kwa nini hukupiga simu? Shuleni tulifundishwa, hata kwa vikaragosi, kwamba mtoto akiumizwa apige tisa-moja-moja, polisi waje. Baba alijua. Siku moja, mshipi ukiwa mkononi, alinionyesha simu ya ukutani.

"Si wamekufundisha kupiga? Piga. Ile pale."

Niliitazama simu.

"Wakija watanichukua mimi, karatasi zangu ziliisha zamani. Halafu watamuuliza mama yako za kwake. Halafu wewe na hawa wadogo mtaenda kulala kwa Mzungu mwenye mbwa sita. Chagua."

Nilichagua hali ya hewa.

Nisije nikajifanya mwana-kondoo. Nilichopewa nyumbani nilikipeleka nje kikiwa bado cha moto. Katika kituo cha basi la shule kulikuwa na mvulana mwenye waya kwenye meno, na asubuhi moja alisema mbele ya wote kwamba mama yangu kazi yake ni kusafisha makalio ya vizee. Ilikuwa kweli, ndiyo sababu nilimpiga. Nilimpiga mdomoni, kosa la mtu asiyefikiri, kwa sababu zile waya zilinichana vifundo vya vidole mpaka nikaona kitu cheupe ndani. Alitema damu, akanirukia, akaniangusha juu ya nyasi zilizokatwa vizuri, akanipiga mateke ya mbavu. Nilimuuma mguu. Wengine walituzunguka wakishangilia bila kujali sana nani anashinda. Dereva wa basi alipotutenganisha nilikuwa chini, na kipande cha soksi ya mwenzangu kilikuwa mdomoni mwangu.

Shule ilimwita baba. Alisimama mbele ya mkuu wa shule na kofia mkononi, akaomba msamaha kwa Kiingereza cha naibu mwalimu mkuu, tukarudi garini. Sijui mpaka leo kama alinichapa kwa kupigana au kwa kushindwa. Hakufafanua.

Baba alikuwa na mdogo wake aliyeishi upande wa Virginia, Falls Church, akihudumia kompyuta za ofisi fulani. Tulimwita Anko. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kula chapati za mama na kuilaani Beltway. Jumapili iliyofuata vita vya kituo cha basi alinikuta jikoni nimeinamia sinki, shati limenata mgongoni. Alilivuta kidogo, akatazama, akalirudisha polepole.

"Huyu mzee ndiye amekufanya hivi?"

"Nilipigana."

"Ulishinda?"

"Hapana."

"Basi hata sababu hakuna." Akachukua chapati, akaikunja. "Shida yako, kijana, wewe bado ni mtoto. Kwetu mtoto anachapwa kama ngoma. Lakini akishatahiriwa, akakaa ndani, akatoka, imeisha. Mwanamume hapigwi na babake. Akimgusa, wazee wanamkalisha chini na analipa mbuzi."

"Hata huku?"

"Huku kuna wazee. Kuna mbuzi. Kinakosekana nini?"

Kilichokosekana kilikuwa mimi. Tungebaki Meru, jambo hilo lingefanyika nilipomaliza shule ya msingi, pamoja na rika langu, na baba alikuwa ameapa kunirudisha kwa ajili hiyo. Lakini kwa mtu asiye na karatasi, kutoka Amerika ni rahisi, kuingia tena ndiyo ngoma. Mwaka ukapita, na mwingine, ndevu zikaanza kunichungulia kidevuni, na kwa macho ya kila mwanamume wa Meru kanisani nilikuwa bado mtoto wa kutumwa maji. Jambo hilo lilimtafuna baba. Mimi halikunitafuna hata kidogo mpaka nilipoambiwa kwamba ndani yake mna kinga. Wenzangu shuleni waliusubiri utu uzima ili wapate leseni ya kuendesha gari. Mimi niliutaka kwa ajili ya mgongo.

Nilimfuata baba akiwa na kikombe cha chai, nikasema sentensi ambayo leo nisingekubali iwe katika insha ya mwanafunzi wangu yeyote. "Baba, nataka kuwa mwanamume."

Akaweka kikombe chini. Macho yake yalijaa machozi. Alidhani anasikia sauti ya babu zake. Alikuwa anasikia mshitakiwa akimtafuta wakili. Akaninyooshea mkono anishike bega, ule mkono wa siku zote, na mwili wangu, usiojua tofauti, ukaruka nyuma mpaka nikagonga friji.

Daktari alikuwa Mkenya mwenye kliniki Silver Spring, na habari za chumba chake nitaziacha mlangoni. Nitasema tu kwamba baba hakutaka sindano ya ganzi, kwa kuwa yeye alifanyiwa mtoni kwenye baridi ya alfajiri na hakuna aliyemwuliza anajisikiaje.

"Mzee," daktari alisema, "hapa ni Maryland."

"Hata kidogo tu. Aonje."

"Nitanyang'anywa leseni."

Baba alikubali shingo upande, na muda wote alinikodolea macho aone kama nitapepesa. Sikupepesa. Sikuwa nasikia chochote. Ushujaa wangu mwingi tangu siku hiyo umekuwa wa aina hiyo.

Chumba cha chini ya nyumba, penye mashine ya kufulia na mti wa Krismasi wa plastiki, kikawa kibanda changu cha kukaa ndani mpaka nipone. Shule zilikuwa zimefungwa, majira ya joto. Wanawake hawakuruhusiwa kushuka. Mama aliuliza nguo zifuliwe wapi, na mila ikakosa jibu. Baba naye hakuruhusiwa. Mtu wa kunitunza na kunifundisha alikuwa mlezi wangu, na mlezi alikuwa Anko. Nilimsikia baba akitembea juu ya dari yangu, kutoka kochi hadi jikoni, asiweze kushuka. Kwa mara ya kwanza tangu nijitambue nililala chali.

Anko alikuwa amesahau kuniambia kwamba kabla ya kutopigwa, unapigwa. Jumamosi moja mchana walikuja vijana wanne wa chuo kikuu waliokuwa wakiishi Shaw, mtaa wa Washington, wote waliotahiriwa nyumbani, wote wamekuja kunipa mafunzo. Walikuwa wamekata fito kwenye mti wa pamoja mbele ya nyumba zetu, na kwa kanuni za mtaa nadhani hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote yaliyotendeka siku ile. Wakanisimamisha kando ya mashine ya kufulia na kuniuliza mafumbo kwa Kimeru.

"Sijui Kimeru," nikasema.

"Huyu anasema hajui!" mmoja akacheka. "Mtoto wa mama. Lete vidole."

Kila fumbo lilikuwa fimbo. Walinipiga ncha za vidole, walinipiga miundi, na nilipoinama kushika miundi wakapata mgongo. Mmoja, mpole wa sura, aliyekuwa akisomea afya ya jamii, alinipiga makofi ya masikio yote mawili kwa pamoja, na dunia ikawa filimbi moja ndefu. Pua ilifumuka. Damu ilidondoka juu ya mfuniko mweupe wa mashine. Nilitaka kulia na nikakumbuka kwamba nikilia yote niliyokwisha kulipia yatapotea, kwa hiyo nikauma shavu kwa ndani mpaka nalo likatoa damu. Waliona na kufurahi.

"Sema umekuwa nani!"

"Mwanamume."

"Hatusikii!"

"Mwanamume!"

"Inatosha," Anko alisema kutoka kwenye ngazi. "Damu ikifika kwenye zulia mama yake atatuzika sote humu."

Wakatupa fito. Wakanikumbatia mmoja mmoja kwa upendo wa kweli, wakaniambia nimewapendeza, wakapanda juu kula. Yule wa afya ya jamii alirudi na barafu imefungwa ndani ya kitambaa na akanionyesha namna ya kuinamisha kichwa.

Nilipopona tulikwenda kuchinja. Mbele ya mji wa Frederick kulikuwa na mkulima wa Kizungu aliyezoea watu wetu. Alituonyesha zizi, akaingia ndani, akashusha pazia. Nilipewa miguu ya nyuma nishike. Mbuzi alikuwa dume mwenye nguvu, na kisu kilipomgusa alijinyoosha akanipiga kwato kifuani nikakosa pumzi, lakini sikuachia. Damu ilinimwagikia mikononi ikiwa na joto ambalo sikulitegemea. Alikufa akinitazama, au ndivyo nilivyopenda kuamini kwa muda. Nimeandika insha mbili mbaya kuhusu macho yale.

Mwenye kuongoza alikuwa mzee wa kanisa, mkubwa kwa umri kuliko wote waliokuwepo, ambaye siku za kazi aliogesha wagonjwa kama mama. Nyama ilipogawanywa, wakubwa wakala vya wakubwa na mimi nikala changu, alisimama akamwita baba mbele.

"Huyu umemleta mtoto," alisema. "Tunakurudishia mwanamume. Kuanzia leo humtandiki. Akikosa, unamwita mlezi wake, unasema na mlezi. Umesikia?"

"Nimesikia," baba alisema.

"Ukimpiga?"

"Mbuzi."

"Wote mmesikia?"

Wote tulisikia. Mimi nilisikia zaidi ya wote. Nilitazama ule mshipi kiunoni mwake ukishikilia suruali, na nikauonea karibu huruma.

Zilifuata wiki nzuri. Baba alitimiza neno lake kwa namna iliyonishangaza. Nilivunja taa ya nyuma ya gari. Alivuta pumzi, akampigia simu Anko, Anko akanipigia mimi akanigombeza huku akila kitu. Niliota pembe. Nikaanza kukaa na miguu imenyooshwa. Siku moja mama aliniambia nioshe vyombo nikamjibu kwamba kwa sasa hiyo si kazi ya mtu kama mimi. Kofi lake lilinifikia kabla sijafunga mdomo, na la pili likanisindikiza hadi sinkini.

"Mama! Mimi sipigwi!"

"Hupigwi na babako. Mimi kwenye mkutano wenu wa mbuzi sikualikwa. Sugua hiyo sufuria."

Baba alikuwa mlangoni na aliona yote. Sikuwahi kumwona mtu akitamani kupiga kofi kama alivyotamani kulipiga lile. Mikono yake ilikunjuka na kujikunja. Akageuka akaenda zake.

Mikono ile ilikuwa haina pa kwenda, na hakuna hata mmoja kati ya wale wanaume wote wenye hekima na vipande vya nyama aliyeliwaza hilo. Mchana kutwa dunia ilipita mbele ya kibanda chake bila kumtazama. Jioni alirudi kwenye shule ambayo mwanafunzi wake mkuu alikuwa amefuzu. Waliobaki walikuwa pacha, na pacha walikuwa wamefikia umri wa kumjibu. Aliwasemesha Kiswahili, wakamjibu Kiingereza, si kwa kiburi, kwa kuwa Kiingereza ndicho kilichokuwa karibu na ulimi. Baba alipiga marufuku Kiingereza ndani ya nyumba. Wakaanza kunong'onezana kwa Kiingereza, ikawa mbaya zaidi.

Jumamosi moja mama akiwa kazini nilikuwa nje nakata nyasi. Nilizima mashine ili nitoe nyasi zilizokwama, na katika ule ukimya nikasikia kupitia dirishani sauti ya upole ya mwanamke ikieleza habari za upepo. Sauti ilikuwa juu sana. Nilisimama pale nikiwa na nyasi mkononi, mgongo umeshajikaza tayari kupokea, na ilinichukua muda kuelewa kwamba safari hii si mimi.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Baba alikuwa amemshika pacha mmoja mkono, amemning'iniza karibu vidole vya miguu viachane na sakafu, na mshipi ulikuwa unapanda na kushuka kwenye miguu yake mitupu. Michirizi ilikuwa imeshavimba, mmoja juu ya mwingine, na mmoja umepasuka. Pacha wa pili alikuwa ameng'ang'ania goti la baba kwa meno. Baadaye niliambiwa kosa: baba aliomba maji, na yule wa kwanza akamjibu kwa Kiingereza kwamba achukue mwenyewe, ana miguu.

"Sema asante!" baba alikuwa anapiga kelele. "Kwa Kiswahili!"

Nilijiingiza katikati. Sikuwa na mpango. Nilimnyakua mtoto, nikamweka nyuma yangu, na wa pili akaachia goti akajibana naye huko huko.

"Sogea," baba alisema.

"Sisogei."

"Wewe sikugusi. Wewe umeshatoka mikononi mwangu. Sogea, nina kazi na hawa."

"Basi mimi ndiye niliyesimama hapa."

Alingoja. Naapa alijaribu, niliona mshipa wa shingo ukipiga. Kisha mkono ulikuja, na kwa haraka yake alikuwa ameushika mshipi kwa ncha isiyo ya kushikwa. Chuma chake cha kufungia kilinipata juu ya jicho. Nilisikia mfupa ukigongwa kama mlango. Damu ikashuka ikafunika jicho lote, na kwa lile lililobaki nilimwona akinipiga tena na tena, mabegani, shingoni, masikioni, kama mtu aliyejiwekea akiba kwa wiki zote zile na sasa anaitoa kwa mkupuo. Mwanamume aliyetahiriwa akimpiga babake amejilaani, hilo pia nilikuwa nimefundishwa kule chini, kwa hiyo nilishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili na sikuiachia. Nilikuwa nimempita kwa kimo. Nadhani sote wawili tuligundua hilo wakati mmoja, kwa sababu alilazimika kuinua uso ili anitazame, na alipoutazama uso wangu akaacha.

Runinga iliendelea. Mvua ilitarajiwa.

Sikupiga tisa-moja-moja. Nilimpigia Anko, kama sheria ilivyosema.

Walikuja Jumapili baada ya ibada: Anko, mzee wa kanisa na wengine wawili. Niliketishwa kochini nikiwa nimeshonwa nyuzi juu ya jicho. Mama ndiye aliyenipeleka kushonwa, na aliwaambia wauguzi kwamba nilianguka na mashine ya nyasi, kwa uso mkavu kabisa. Tangu hapo hakuwa amesema neno na mtu. Baba aliwekwa kwenye kigoda cha jikoni. Mimi sikuruhusiwa kumshitaki babangu kwa kinywa changu, hivyo Anko alinisemea.

"Alimpiga. Kidonda hiki hapa."

"Alijiweka mbele ya mshipi," baba alisema. "Mimi sikumlenga yeye."

"Mara ya kwanza hukumlenga," mzee alisema. "Na ya pili?"

"Ya pili mkono ulikuwa umeshaanza."

Wale wengine wawili walijadiliana kwa makini kama mtu aliyejitupa mbele ya mshipi amepigwa au amejipiga. Mmoja alileta mfano wa ng'ombe aliyevuka barabara. Wakakubaliana kwamba nimepigwa. Mbuzi mmoja, dume, asiye na kilema. Baba aliinamisha kichwa akakubali, na niliona mabega yao yakilegea, kwa kuwa jambo lilikuwa limekwisha vizuri.

Mama aliingia na chupa ya chai. Aliwamiminia wote wanne, kisha akabaki amesimama.

"Mbuzi mtakula," alisema. "Na wasichana wangu?"

Mzee wa kanisa alikohoa. "Mama, tumekuja kwa jambo la huyu mwanamume."

"Nimesikia. Nauliza wasichana. Yule mmoja hawezi kukaa. Wao wana mbuzi wangapi?"

"Hao," mzee alisema, tena kwa upole, "hao ni mambo ya nyumba."

Mama aliweka chupa mezani, akahakikisha imefungwa. Kisha akamgeukia baba na kumpiga kofi. Halikuwa kofi la kelele. Lilikuwa kofi la mtu ambaye kila siku ya kazi huwageuza wanaume wazima vitandani, na lilimtoa baba kwenye kigoda likamlaza ubavu kwenye zulia. Alijaribu kuinuka kwa kiwiko. La pili lilimrudisha. Damu ikatokea kwenye kona ya mdomo. Kikombe cha mtu kilianguka na hakuna aliyekiokota. Wanaume wanne waliotahiriwa, watano ukinihesabu mimi, tulikaa kama picha.

"Haya," mama alisema, akihema, "ndiyo mambo ya nyumba."

Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa baba.

"Uliwaambia watoto wasipige simu. Sawa, wao ni watoto. Mimi ni mkeo. Ukimgusa mmoja wao tena, nitapiga mimi. Waje watuchukue wote wawili, tukae kiti kimoja kwenye ndege, na ukifika kwenu uwaeleze mwenyewe kilichokurudisha."

Hatimaye mzee wa kanisa alisema kitu pekee alichokuwa nacho. "Tuombe."

Tukainamisha vichwa. Niliombewa, baba akaombewa, hata mbuzi nadhani aliguswa. Nilifungua jicho langu zima nikaona kwamba mama hakuwa amefumba macho. Alikuwa anamtazama baba, na baba, bado amekaa sakafuni, alikuwa anamtazama yeye.

Waliondoka bila kumaliza chai. Baba aliinuka taratibu, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akaenda kusimama chini ya ngazi. Pacha walikuwa wamekaa juu kabisa, wameshikana, wamesikia kila kitu. Kisha akawasemesha kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa ameipiga marufuku, Kiingereza kigumu cha ubaoni.

"Njooni," alisema. "Tafadhali."

Yule aliyemuuma goti alishuka, ngazi moja moja, akasimama mbele yake, na baba akamwekea mkono kichwani kwa uangalifu kama mtu anayeshika kitu cha dukani. Yule aliyechapwa hakushuka. Baba alisema "tafadhali" tena. Hakushuka.

Baba hakumpiga mtu tena. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa watu wakiisikia huanza kutabasamu, nami huwaambia wangoje kidogo. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Karatasi zilipatikana. Akawa mzee wa kanisa yeye mwenyewe, mpole, anayependwa na watoto wa watu. Alipougua, akawa hawezi tena kusimama jikoni, yule binti aliyebaki juu ya ngazi alikuwa mwanamke mwenye nyumba yake si mbali na pale. Kila Jumamosi alipika chakula anachokipenda baba, akakifunga vizuri, akaendesha gari mpaka mlangoni, akakiweka chini, akabonyeza kengele, na kabla mlango haujafunguliwa alikuwa ameshawasha gari.